Mara ya Nne

Kiingilio mia tano, na kiti ni ubao
uliokuwa mlango wa ghala la chama cha msingi;
bado una namba ya chokaa, 14,
bado unanuka magunia.
Hapa Tandahimba, nyuma ya mashine ya Mkwapa,
nimekuja mara ya nne kumtazama kinyozi.

Si farasi, ingawa farasi wapo,
mia nane, wanateremka mlimani kama mafuriko ya shaba.
Si jiji linaloungua usiku kucha.
Nimekuja kwa ajili ya mikono ya yule mtu.

Aliyeitengeneza sinema hii anaijua subira.
Mtoto anasukumwa na mama yake ndani ya mtungi wa nafaka,
nje baba anachinjwa,
nasi tunabaki mle mtungini naye,
dakika nzima, hakuna muziki,
pumzi tu, na punje zinazoporomoka.
Kisha miaka ishirini.
Harudi na jeshi. Anarudi na wembe.
Kila alfajiri anamnyoa mfalme,
wembe unapita kooni, unapanda, unashuka,
ubao mzima tunapiga kelele: Sasa!
Naye anaufuta kwa kitambaa.
“Bado,” anasema Chiputula.

Chiputula, mfasiri wetu, hajui hata neno moja la lugha ile.
Ana maiki iliyofungwa nailoni
na amewabatiza wote upya:
mfalme ni Bwana Kipara,
jemadari ni Karani wa Mizani.
Lakini kwa hiyo “bado” simdai kitu.
Kinyozi, anatueleza, hataki kumuua mtu aliyesahau.
“Ataulizwa kwanza jina la marehemu.
Akilitaja, ndipo.”

Leo mbele yangu amekaa Nampunju.

Mwaka ule baba amelazwa Ndanda
mama aliziuza korosho zingali maua,
na mnunuzi alikuwa huyu, na kangomba yake,
bakuli lililogongwa nyundo kwa ndani
hadi kitako kikashuka kama tumbo la mbuzi mwenye mimba.
Akapima. Mama akahesabu kwa vidole,
vidole vikaisha, akaanza upya.
Akasema ahsante.
Baba alirudi juu ya gari la magunia, amefunikwa.

Nampunju analia.
Kinyozi anapotoa kitana cha mama yake
na kumchania nacho mfalme,
mabega ya Nampunju yanatikisika,
anapenga kamasi kwa upindo wa shati.
Ni palepale ninapolia mimi.
Mara zote tatu, palepale.
Hilo halikunipendeza hata kidogo.

Wembe unapanda. Mfalme anafumbua macho,
anafungua kinywa,

luku imekwisha.

Giza. Watu wanapiga miluzi, wanadai mia tano zao,
Chiputula anatukanwa mpaka ukoo wa shangazi yake.
Nanusa salfa kwenye kola iliyo mbele yangu.
Shingo ile, nikinyoosha mkono, naigusa.
Nasikia pumzi zake, nasikia zangu,
na mahali fulani punje zinaporomoka:
ni karanga, zinanitoka
kwenye karatasi ya daftari la hesabu.

Nje, upepo wa Novemba umebeba mabibo yaliyochacha.
Alinishika kiwiko.
Hakunitambua, au alinitambua;
macho mekundu hayasomeki.
“Mwanangu, wewe huja kila siku.
Hebu nambie. Alilikumbuka lile jina?”

Najua. Najua hata neno la mwisho la mfalme,
najua kitambaa kinaangukia wapi.

“Bado,” nikamjibu.
Akabaki amesimama, mkono wazi,
kama mtu anayengoja chenji.
Basi nikampimia karanga zilizobaki,
kiganjani mwake,
punje moja moja,
nikihesabu kwa sauti.